Anayekuzuia Naye Amezuiwa

Moshono, Arusha
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma juzi nikiwa sokoni Kilombero katikati ya magunia, nikausoma tena usiku nyumbani, nikaona haufai kujibiwa kwa simu. Umenimwagia mambo matatu kwa mpigo. Benki imekunyima mkopo wa biashara ya maharage kwa kuwa huna dhamana. Baba yako mdogo amesema shamba la marehemu kaka yangu, yaani baba yako, litagawanywa kwa watoto wa kiume. Na kwenye usaili wa kazi, maswali yalipogeuka Kiingereza, ulimi ukakauka. Ukamalizia kwa kusema milango yote imefungwa, na kwamba nchi hii bila mtu wa kukushika mkono hufiki popote.

Sitakujibu kwa methali ya penye nia pana njia. Nimesikia wengi wakiwaambia vijana hivyo, na mara nyingi anayesema ameshavuka siku nyingi, amesahau alivukaje. Nia unayo. Unachokosa ni kujua kila mlango umefungwa na nini, na ufunguo wake uko kwa nani. Katika miaka yangu ya sokoni na mipakani nimejifunza jambo moja ambalo nataka ulishike: mbele ya kila kizuizi amesimama mtu, na mara nyingi mtu huyo naye amezuiwa na kitu kilicho nyuma yake. Ukigombana naye bila kujua hicho kilicho nyuma yake, mtachoshana tu, na mlango utabaki pale pale.

Nianze na ardhi, maana najua ndiyo inayokuuma kuliko yote.

Baba yako mdogo unamwona kama mtu mwenye choyo. Mimi namfahamu tangu anatambaa, na choyo si tabia yake. Anaogopa. Ili uelewe hofu yake lazima ujue kwa nini mashamba yetu ya Moshono ni vipande vidogo hivi, wakati mlima ni mkubwa na tambarare za chini hazina mwisho. Wajerumani walipofika huku mwishoni mwa karne ya 19, waliwakuta Waarusha na Wameru wakilima miteremko ya Mlima Meru. Mwaka 1896 wamishonari wawili wa Kilutheri waliuawa kule Akeri, na kisasi kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko kosa. Ng'ombe walichukuliwa, migomba ikafyekwa, na baadaye watu wakatumikishwa kujenga Boma pale mjini, jengo ambalo leo watoto wa shule hupelekwa kutazama makumbusho. Kisha ardhi ya chini ya mlima ikagawiwa walowezi, na juu msitu ukawekewa mpaka. Mwingereza alipoichukua nchi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mashamba ya Wajerumani yaliuzwa kwa Wagiriki, Waingereza na wengineo. Hayakurudi kwa wenyewe. Wazee wetu wakabaki katikati, msitu juu na mkonge na kahawa za watu chini. Wanahistoria huuita ukanda ule wa mashamba pete ya chuma.

Sasa fikiria familia iliyofungiwa ndani ya pete hiyo. Babu ana wana wanne, anagawa mara nne. Kila mmoja wao ana wana watatu, wanagawa tena. Kufikia kizazi cha baba yako, shamba lililokuwa na migomba, kahawa na malisho ya ndama limekuwa robo eka yenye nyumba mbili. Halafu jiji likatufikia. Leo kila asubuhi unakutana na dalali anayeulizia kiwanja, na kijana akishikwa na shida anauza kipande kwa mtu asiyemjua. Katika hali hiyo ukoo ulijitungia kinga: binti akiolewa, ardhi itahamia ukoo mwingine, basi asipewe. Mila hiyo ilikuwepo tangu kale, ila kubanwa ndiko kulikoifanya kali kiasi hiki. Kizuizi kimoja kilizaa kingine. Baba yako mdogo anapokuzuia wewe, anaendeleza woga uliopandwa na watu ambao hakuwahi kuwaona.

Sikuambii haya ili umwonee huruma ukae kimya. Nakuambia ili ujue pa kushika. Na mfano mzuri wa pa kushika uko hapa hapa Meru, kwa majirani zetu.

Mwaka 1947 ilitoka ripoti ya tume ya Jaji Mark Wilson kuhusu ardhi ya Arusha na Moshi. Ilipendekeza, pamoja na mengine, kwamba upande wa kaskazini wa Mlima Meru uwe eneo moja la wafugaji wa Kizungu lisilochanganyika na Waafrika. Wameru waliokuwa wakiishi Engare Nanyuki walikuwa katikati ya ramani hiyo. Novemba 1951 askari walikwenda kuwatoa. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa, na watu wapatao 3,000 wakapoteza makazi. Serikali iliwaelekeza Kingori, na wengi walikataa kwenda kwa hiari.

Wameru wangeweza kupambana na yule Mkuu wa Wilaya aliyekuja na askari. Lakini Mkuu wa Wilaya alikuwa ametumwa na Dar es Salaam, na Dar es Salaam ilikuwa ikiitazama London. Kwa hiyo wakajiuliza nani anaweza kuiuliza London. Jibu walilipata kwenye karatasi. Tanganyika haikuwa koloni kama Kenya. Ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na Uingereza ilipewa iitunze tu. Mkaaji yeyote wa nchi ya udhamini aliruhusiwa kupeleka malalamiko kwenye Baraza la Udhamini. Wakikuyu wa Kenya, waliokuwa nao wamenyang'anywa ardhi, hawakuwa na mlango huo, kwa sababu tu nchi yao iliandikwa kwa jina jingine.

Basi Wameru wakachangishana fedha. Wakasaidiwa na wakili Earle Seaton, mtu wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, na wakamtuma kijana wao Kirilo Japhet. Mwaka 1952 mtoto wa mlimani alisimama New York mbele ya mataifa akaeleza jinsi watu wake walivyochomewa nyumba. Wajumbe wengi waliwaunga mkono, lakini azimio lilipofika kwenye Mkutano Mkuu halikupata theluthi mbili ya kura. Kwa hesabu ya siku ile, walishindwa.

Lakini angalia kilichofuata. Jambo ambalo serikali ilitaka liishe kimyakimya huku mlimani lilijulikana dunia nzima. Kirilo aliporudi aliwaeleza watu mambo aliyoyaona, na Watanganyika wengi wakafahamu kwamba juu ya gavana kuna mtu. Nyerere alipokwenda kwenye Baraza la Udhamini mwaka 1955 kwa niaba ya chama cha TANU, njia ilikuwa imeshakanyagwa na Wameru. Ufugaji wa wale walowezi wa Engare Nanyuki haukudumu, na Wameru walirudi kwenye ardhi yao.

Kwa hiyo turudi kwenye shamba la baba yako tukiwa na swali la Wameru: nani yuko juu ya baba mdogo?

Juu yake iko sheria. Sheria ya Ardhi namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5, zote za mwaka 1999, zinasema wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kutumia na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Kabla ya hapo, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu kule Mwanza alikwishaamua katika kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, na mpwa wake akataka uuzaji ufutwe kwa kuwa mwanamke haruhusiwi kuuza ardhi ya ukoo. Jaji alisema kanuni hiyo inapingana na haki zilizomo kwenye Katiba, na mama akashinda.

Ila nisikudanganye. Kwenye urithi bado kuna Amri ya Sheria za Mila ya mwaka 1963, inayowapanga warithi kwa madaraja na kumweka mtoto wa kike daraja la mwisho. Wajane wawili walikwenda Mahakama Kuu kuomba kanuni hizo zifutwe. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba zinabagua, lakini ikasita kuzifuta, ikihofu kwamba ikianza kufuta mila kwa hukumu itakosa pa kuishia. Wajane wale walifika hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania ilikiuka wajibu wake. Unaona? Hata jaji aliyekaa juu ya kila mtu, mwenye joho, alijiona amezuiwa.

Kwa hiyo usiingie ukifikiri sheria ni panga. Sheria ni ya kumwonyesha baba mdogo kwamba kuna mtu juu yake, ili naye apate sababu ya kuwaambia wazee wengine, "Si mimi niliyetaka, ni serikali." Wengi hupenda kutenda haki, ila wanahitaji kisingizio mbele ya wenzao.

Sasa benki. Ulisema yule afisa wa mikopo alikuangalia kama mwizi. Sikuwepo, lakini nimekaa mbele ya meza kama hizo. Yule kijana haruhusiwi kukupa hata shilingi bila dhamana. Mkopo ukichacha, ni jina lake litakaloulizwa. Dhamana anayoijua ni hati. Hati inatoka kwenye kiwanja kilichopimwa. Kiwanja chako kimo ndani ya shamba ambalo mirathi yake haijafunguliwa, na mirathi haijafunguliwa kwa sababu ukoo haujakaa. Ukiufuata mnyororo huo utagundua kwamba umegonga mlango wa pili kabla ya wa kwanza. Mlango wa benki na wa ukoo ni mlango mmoja wenye vitasa viwili.

Wakati tunausubiri huo wa ukoo, kuna mwingine ambao hukuugusa. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hawadai hati ya shamba. Wanadai kikundi, katiba ya kikundi na mpango wa biashara. Nenda ofisi ya kata ukamwone afisa maendeleo ya jamii. Lakini ujue pia kwamba mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa nchi nzima, kwa sababu kulikuwa na vikundi hewa na watu waliochukua wasirudishe. Ilirejeshwa mwaka uliofuata kwa masharti makali zaidi. Waliotangulia wakala fedha ndio waliowafungia waliokuja nyuma. Hicho ni kizuizi ambacho hakikujengwa na Mzungu wala mzee wa mila. Tulikijenga sisi wenyewe wenye shida. Ukipata, rudisha.

Halafu mpaka. Unataka kupeleka maharage Nairobi, na tayari watu wamekujaza maneno kuhusu Namanga. Nitakueleza nilivyopaona.

Mstari ule walichora Mwingereza na Mjerumani mezani miaka ya 1880 na 1890, ukawapasua Wamasai katikati bila wao kuulizwa. Lakini kwa muda mrefu ulikuwa mstari wa kwenye ramani tu. Uliokuwa mgumu kuliko wowote tuliuweka sisi Waafrika wenyewe. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983, yalipofikiwa hapa hapa Arusha makubaliano ya kugawana mali za jumuiya. Miaka hiyo dawa ya meno na sabuni vilipita kwa njia za panya. Walioumia ni watu wadogo, maana wakubwa walikuwa wanagombana kuhusu ndege, meli na mabehewa.

Leo kuna jumuiya mpya, mkataba wake ulisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Umoja wa forodha ulianza 2005, soko la pamoja 2010, na mwaka 2018 Namanga ikazinduliwa kama kituo cha pamoja ambapo unamaliza shughuli za nchi zote mbili mahali pamoja. Ukisoma hayo utafikiri mpaka umekwisha. Haukwisha, umehama kutoka kwenye geti ukaingia kwenye karatasi. Ushuru wa bidhaa zetu umeondolewa, lakini kuna cheti cha uasilia, kuna cheti cha afya ya mimea, kuna mizani, kuna askari wa barabarani. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda ghafla, ikisema yana sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Malori yalipanga foleni huku mahindi yakipigwa jua. Baada ya siku chache walifungua kwa masharti ya vipimo.

Siku zile sokoni sote tulisema Wakenya wanatuonea. Labda kulikuwa na siasa ndani yake. Lakini sumukuvu ni kitu cha kweli: mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, watu wetu, kwa mahindi yetu. Kwa hiyo si kila kizuizi kinastahili kuvunjwa. Kingine ni cha kutimizwa. Anika maharage yako kwenye turubai, si chini. Usifungashe yakiwa na unyevu. Na mtu asikuambie ujaze lumbesa, gunia la kupita kipimo. Mzigo wako ukiwa hauzidi thamani ya dola 2,000, kuna utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, na cheti chake cha uasilia hutolewa pale pale mpakani. Wanawake wengi hawaujui, wanawapa vijana wa bodaboda mizigo ipitishwe porini, wakikamatwa wanapoteza vyote. Yule afisa wa forodha unayemwogopa, ukimletea karatasi iliyokamilika, umemwondolea kazi. Yeye pia ana bosi, na bosi wake ana kompyuta inayohesabu.

Na usiwe mwepesi kuwalaumu majirani. Mwaka 2025 serikali yetu nayo ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogondogo, na Wakenya wakalalamika kama sisi tulivyolalamika kuhusu mahindi. Kijana wa Kitanzania aliyeona kazi zake zinachukuliwa alishangilia. Kijana wa Kikenya mwenye kibanda cha simu upande huu alilia. Kila ukuta una watu wa pande mbili, na ukiwa ndani ya ukuta huwezi kusikia vizuri wa nje.

Nimetaja ukuta, nikukumbushe wa Mirerani. Ulijengwa na jeshi letu kuzunguka migodi ya tanzanaiti, zaidi ya kilomita 24, ukazinduliwa Aprili 2018. Lengo lilikuwa kuzuia magendo, maana jiwe linapatikana kwetu tu duniani, na bado nchi nyingine zilikuwa zikiliuza kuliko sisi. Miaka miwili baadaye Saniniu Laizer aliuza mawe mawili kwa serikali kwa shilingi bilioni 7.7, na nchi nzima ikasherehekea. Ukuta huo una faida yake, sibishi. Lakini mwanaapolo, mchimbaji anayeshuka shimoni bila mshahara kwa matumaini ya mgao, yeye ukuta wake haukuwa wa mawe. Ni mtaji. Aliukuta pale kabla ya jeshi kufika.

Huko Mirerani ndiko alikofanya kazi Pili Hussein. Wanawake hawakuruhusiwa kushuka mashimoni, naye akavaa kiume, akajiita mjomba, akachimba kwa karibu miaka kumi bila kugunduliwa, hadi akawa na mgodi wake. Nampenda kwa ujasiri wake. Lakini nataka uone tofauti kati yake na Kirilo. Pili alivuka kizuizi, kizuizi kikabaki kilivyo; mwanamke aliyemfuata alikuta bado wanaoshuka ni wanaume karibu wote. Kirilo alishindwa kura, lakini waliomfuata walikuta njia. Kuna siku utahitaji kuwa Pili, kwa sababu mtoto ana njaa na huna muda wa kubadilisha dunia. Sitakulaumu. Ila ukipata nafasi ya kuchagua, chagua njia ambayo mdogo wako ataikuta wazi.

Lugha nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo inayokudanganya zaidi. Unadhani ulishindwa usaili kwa kuwa wewe si mwerevu. Hebu fuata mnyororo tena. Miaka saba ulisoma karibu masomo yote kwa Kiswahili. Ukaingia kidato cha kwanza, ghafla jiografia ile ile ikawa Kiingereza. Mwalimu wako naye alipita njia hiyo hiyo. Kwa hiyo alieleza kwa Kiswahili, akaandika ubaoni kwa Kiingereza, na ninyi mkakariri. Hakuweza kufanya vinginevyo kwa sababu mtihani wa taifa uliomsubiri ulikuwa wa Kiingereza. Waliokusaili walipita humo humo. Mwaka 2016 serikali ilifuta ada hadi kidato cha nne, watoto wakajaa madarasani, na hapo ndipo ilipoonekana kwamba nyuma ya kizuizi cha ada kulikuwa na kizuizi cha lugha.

Hili halitabadilika kabla ya usaili wako ujao. Kwenye mahakama wamejaribu: tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama, na mtu wa kawaida anaweza kusikia kesi yake mwenyewe. Ofisi bado. Basi jifunze hicho Kiingereza kama kifaa cha kazi, wala usikione kipimo cha akili. Hapa Arusha unawaona waongoza watalii ambao hawakumaliza sekondari, na wanazungumza Kiitaliano na Kihispania na wageni kutwa nzima. Hawakungoja mtaala. Walijifunza kwa kuongea na kukosea mbele za watu, na hawakuona haya. Haya ndiyo inayokufunga wewe, na mlinzi wake ni wewe mwenyewe.

Kabla sijafunga, nikupe kipimo, kwa sababu si kila anayekuzuia naye amezuiwa. Wapo wanaozuia kwa faida yao. Ukikutana na mtu mlangoni, jiulize: nikipita, yeye anapoteza nini? Kama hapotezi kitu chake, ni karatasi au hofu inayomshika. Huyo msaidie: mletee karatasi, mpunguzie hofu. Kama anapoteza kitu chake, kama mlowezi aliyeahidiwa malisho, au dalali anayetaka uuze kwa bei ya kutupa, usipoteze maneno ya kumlainisha. Mzunguke uende kwa aliye juu yake, na uende na wenzako, maana mtu mmoja hujibiwa "njoo kesho". Wameru walikwenda na mchango wa kila nyumba.

Na ipo siku wewe utakuwa mlangoni. Utakuwa mwenyekiti wa kikundi, au mwajiri, au mama mwenye nyumba na msichana wa kazi anayetaka kusoma jioni. Siku hiyo usijifiche nyuma ya utaratibu. Mwambie anayekuja nani yuko juu yako.

Kikao cha ukoo ni Jumamosi ijayo saa nne asubuhi, nyumbani kwa baba yako mdogo. Njoo Ijumaa ulale kwangu. Lete cheti chako cha kuzaliwa na nakala ya cheti cha kifo cha baba yako. Watakutuma jikoni kuchemsha chai. Nimeshapanga mtu wa chai, wewe utakaa barazani. Sisi mashangazi ni watoto wa ukoo huu na hakuna atakayenizuia kusema, kwa hiyo nitaanza mimi. Wewe ukipewa nafasi, usianze na sheria. Mwulize baba mdogo anaogopa nini, na umwache aseme mpaka amalize. Akisema ardhi itauzwa kwa wageni, mwambie uko tayari iandikwe kwamba ukitaka kuuza ndugu wataulizwa kwanza, kwa bei ya soko, na kwamba sharti hilo liwahusu na kaka zako vile vile. Hapo ndipo tutajua kama ni hofu au ni kitu kingine.

La muhimu kuliko yote ni muhtasari. Mirathi haiamuliwi barazani. Hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na mahakama itaanza kwa kusoma muhtasari wa kikao. Hakikisha jina lako limo kwenye orodha ya warithi kabla mtu yeyote hajatia saini. Likikosekana, usipige kelele wala usilie mbele yao. Tutaondoka kwa heshima, na Jumatatu asubuhi mimi na wewe tutakwenda mahakamani kuweka pingamizi. Nauli nimeitenga.

Wasalimie wenzako wa huko. Mwambie kaka yako naye aje. Ni vyema asikie kwa masikio yake.

Ni mimi,
Shangazi yako